Kuanza BIM kwenye barabara, stendi na gati za Kusini: mwongozo kwa wahandisi wa Mtwara na Lindi

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani na mvua zake kukata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam sehemu kadhaa za Wilaya ya Kilwa, Somanga ikiwamo, abiria walilala njiani na malori yakapanga foleni pande zote mbili. Wengi waliona shimo. Sisi wa kazi hizi tuliona na maswali yaliyokuwa ndani ya shimo: bomba lililokuwa hapa lilikuwa na kipenyo gani? Lilisanifiwa kwa mafuriko ya kiasi gani? Msingi ulishuka mpaka wapi? Kwa barabara nyingi, majibu ya maswali ya namna hiyo yamo kwenye kabrasha la karatasi katika ofisi ambayo siyo ya anayekarabati, au kwenye laptopu ya mhandisi mshauri aliyemaliza mkataba zamani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

BIM, yaani modeli ya taarifa za ujenzi, ndilo daftari lenyewe. Watu huijua kwa picha za pande tatu zinazozungushwa kwenye skrini siku ya wasilisho, wakubwa wakatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha faili halifunguliwi tena. Hiyo picha ni ganda tu. Kilicho ndani ni kwamba kila kitu cha mradi, iwe kalavati, nguzo ya taa, tabaka la lami au nguzo ya kufungia meli gatini, kinakuwa na jina lake, mahali pake, vipimo vyake na historia yake, na wote wanaohusika wanasoma kitabu kimoja.

Naandika kwa mhandisi wa TARURA wilayani, wa TANROADS mkoani, wa halmashauri anayejenga stendi, kwa mhandisi mshauri mdogo na mkandarasi wa hapa kwetu, ambaye ameambiwa "sasa tunahamia BIM" wakati ofisi ina mpima mmoja, laptopu mbili na umeme wa kubahatisha. Uingereza ilitangaza mwaka 2011 kwamba itaidai BIM kwenye miradi ya serikali kuu, na ikaanza kuidai kwa nguvu Aprili 2016. Miaka mitano ya kujiandaa. Wewe usikubali kupewa miezi mitatu.

Hatua ya 1: Anza na maswali ya atakayeitunza barabara

Kosa la kwanza ninaloliona ni kuanza na kununua programu. Programu ije mwisho. Kwanza waite watu wanne au watano wakae meza moja: mhandisi wa matengenezo, fundi mkuu anayeongoza vibarua wa kuzibua mifereji, meneja wa stendi, mtu wa maji, na kama unaweza, dereva mmoja wa basi la Newala anayeijua barabara kwa usukani. Waulize swali moja: mkipigiwa simu usiku wa mvua kubwa kwamba kuna tatizo mahali fulani, mnahitaji kujua nini kabla ya kuwasha gari?

Majibu yatakushangaza kwa uchache wake. Kwa kalavati, mara nyingi yanaishia hapa:

- namba yake, chenaji (umbali wake kutoka mwanzo wa barabara) na koordineti (namba za mahali pake kwenye ramani);
- aina yake, bomba au boksi, idadi ya matundu, kipenyo au upana na kimo;
- usawa wa sakafu maji yanapoingilia na yanapotokea;
- mafuriko yaliyotumika kwenye usanifu, ya marudio ya miaka mingapi, yaani yanayotarajiwa kutokea mara moja kwa wastani katika miaka mingapi;
- siku zege lilipomwagwa na majibu ya kupima tofali za zege za siku 28;
- picha za msingi na nondo kabla ya kufukiwa;
- nani alijenga, na kipindi cha uangalizi, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, kinaisha lini.

Hayo ndiyo mahitaji yako ya taarifa. Yaandike kwenye ukurasa mmoja kwa kila aina ya kitu: kalavati, daraja, mfereji, taa, alama ya barabarani, kituo cha basi. Kisichoulizwa na mtu yeyote mezani pale kisiingie. Nimeshuhudia modeli ya stendi ambamo kila bawaba ya mlango wa choo ilichorwa, lakini hakuna aliyejua bomba la majitaka linatokea wapi kwenda kwenye shimo. Mwenye kulipia ile bawaba ni wewe.

Viwango vya kimataifa vina lugha yake kwa jambo hili, na ni vizuri uijue maana mhandisi mshauri atakuja nayo. Mfululizo wa ISO 19650, ambao sehemu zake mbili za kwanza zilitoka 2018, unamtaka mwajiri aanze kusema anataka taarifa gani, kwa ajili ya uamuzi gani, na lini. Ukurasa wako mmoja mmoja ule ndio kazi hiyo imefanyika, hata kama haujapambwa.

Hatua ya 2: Chagua kazi ndogo, lakini yenye maji

Usianze na kilomita 160 za Mnivata–Newala–Masasi. Usianze na reli ya Mtwara–Mbamba Bay inayosubiriwa. Chukua barabara ya wilaya ya kilomita 10 au 12 yenye makalavati ishirini na kitu, au stendi moja ya mabasi yenye sehemu ya bajaji. Nasema yenye maji kwa sababu huku kwetu kinachoua barabara ni maji kabla ya uzito, na kwenye mifereji ndipo modeli inapolipa haraka. Barabara inayoshuka kutoka Uwanda wa Makonde kwenda bondeni ni shule nzuri: juu mchanga mwekundu unaomomonyoka kama sukari, chini udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

Hatua ya 3: Kubalianeni dunia iko wapi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumia mwenyewe.

Miaka ya nyuma tulipokea mstari wa barabara kutoka kwa kampuni moja iliyosanifu. Koordineti zilikuwa safi, zimepangwa, zina desimali tatu. Tukaziingiza kwenye kifaa cha GPS cha mkononi tukaenda kutafuta mahali pa kalavati la tano. Kifaa kikatupeleka katikati ya shamba la mikorosho, juu ya mwinuko. Mzee mwenye shamba akatutazama tukihangaika na miti ya alama, akauliza kwa upole: "Wajukuu zangu, kwani siku hizi maji yanapanda mlima?" Tulikuwa tumekosea karibu mita mia tatu, kwa uelekeo wa kaskazini-kusini.

Sababu ni hii. Ramani na mawe mengi ya mpima nchini yamejengwa juu ya mfumo wa koordineti wa zamani uitwao Arc 1960. Kifaa cha GPS, kikiwa kama kilivyotoka dukani, kinatumia mfumo mwingine, WGS84. Mtwara na Lindi zote ziko kanda ya 37 Kusini ya UTM, gridi ya ramani inayohesabu mahali kwa mita, kwa hiyo namba za mifumo hiyo miwili zinafanana kwa sura, na ndiyo hatari yenyewe: zingekuwa tofauti kabisa ungeshtuka. Siku hizi kuna pia TAREF11, mfumo mpya wa taifa uliokaribiana na WGS84. Mradi mmoja unaweza kuwa na yote mitatu: michoro ya zamani kwa Arc 1960, picha za ndege nyuki kwa WGS84, na mpima wa ardhi aliyeleta mipaka kwa TAREF11.

Fanya hivi kabla hata mstari mmoja haujachorwa:

1. Chagueni mfumo mmoja wa mradi, uandikwe kwenye mkataba kwa jina kamili pamoja na kanda.
2. Jengeni bikoni (alama za kudumu za mpima) za zege zisizopungua tatu ambazo greda halitazifikia, zipimwe kwa mifumo yote inayotumika kwenye mradi, na namba zake ziwekwe ukurasa wa kwanza wa kila faili.
3. Kila anayeleta modeli aiweke bikoni hizo ndani yake. Ukifungua modeli mbili na bikoni hazikalii pamoja, rudisha. Usijadiliane.
4. Programu nyingi za majengo huchanganyikiwa na namba kubwa za UTM, na mistari huanza kutetemeka. Mpeni msanifu wa jengo la stendi nukta ya mwanzo iliyo karibu, na tofauti yake na UTM iandikwe mahali pamoja tu.

Kimo nacho kina mtego wake, hasa bandarini. Mtu wa barabara anapima kutoka wastani wa usawa wa bahari. Mtu wa bahari anapima kina kutoka usawa wa ramani za baharini, ambao uko chini karibu na pale maji yanapofika wakati wa kupwa kukubwa. Pwani yetu, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika mita tatu na zaidi, kwa hiyo sifuri za watu hawa wawili zinaweza kupishana kwa kimo cha mtu. Barabara ya kuingilia gati, au njia ya kushukia kivuko cha Msangamkuu au cha Kitunda, ikichanganya sifuri hizo, gari litashukia majini au litaning'inia. Muulize mvuvi yeyote wa Mikindani maji mafu na bamvua ni nini, atakueleza vizuri kuliko jedwali.

Hatua ya 4: Kabati moja, droo nne

Adui wa BIM katika ofisi zetu ni kundi la WhatsApp la mradi. Mchoro unatumwa pale saa nne usiku, mwingine unatumwa asubuhi wenye jina lile lile, fundi amepakua wa kwanza, zege limemwagwa. Kila mtu ana ushahidi kwamba "alituma".

Mnahitaji mahali pamoja pa kuhifadhi, penye droo nne: kazi inayoendelea, ambayo anaiona mwenyewe tu, iliyoshirikishwa, ambayo wenzake wanaweza kuiangalia na kuipinga, iliyoidhinishwa, ambayo ndiyo pekee inayoruhusiwa kwenda saiti, na kumbukumbu, ambamo hakuna kinachofutwa. Faili huhama droo kwa kusainiwa na mtu mwenye jina. Kama mna fedha, nunueni huduma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kama hamna, folda nne kwenye seva ya ofisi, zenye ruhusa tofauti na daftari la kuingia na kutoka, zinatosha kabisa kuanza. Nidhamu ndiyo ghali, seva siyo.

Jina la faili lijieleze. Kwa mfano BRB03-MSH-KLV-0017-R02: barabara namba tatu, kutoka kwa mhandisi mshauri, mchoro wa kalavati, namba kumi na saba, marejeo ya pili. Kataeni majina ya "mpya", "mpya kabisa" na "ya mwisho 2".

Kuhusu intaneti: pangeni kupandisha modeli nzito usiku, na gaweni modeli vipande. Barabara ya kilomita 12 iwe na vipande vya kilomita tatu tatu. Wekeni nakala ya droo ya tatu kwenye diski ya nje iliyoko jengo lingine. Saiti ya kule Nanyumbu haitafungua faili la gigabaiti mbili kwa bando la simu, na kuwalazimisha ni kuwarudisha WhatsApp kwa mlango wa nyuma.

Hatua ya 5: Iandike kwenye zabuni, la sivyo haipo

Ulichokiomba kwa mdomo kwenye kikao cha kuanza mradi utakipata kwa hisani tu. Nyaraka zinapopandishwa NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, ziwe na kurasa zako za mahitaji ya taarifa, mfumo wa koordineti, utaratibu wa majina na droo nne. Mwombe mzabuni alete mpango wake wa kutekeleza BIM: nani atafanya nini, kwa programu ipi, na ana mtu gani aliyewahi kuifanya. Usimpe maksi kwa jina la programu. Dai muundo wa faili wa wazi wa IFC, unaofunguka kwenye programu za kampuni tofauti. Toleo la 4.3, lililopitishwa kuwa kiwango cha ISO 2024, ndilo lililoleta barabara, madaraja, reli na miundombinu ya bandari rasmi. Matoleo ya kabla yake yalizaliwa kwa majengo, na barabara ndani yake ilikuwa kama ng'ombe kwenye banda la kuku. Ila uliza kwanza kama programu ya mzabuni inaliandika toleo hilo sawasawa, na omba sampuli ndogo uifungue mwenyewe.

Mambo matatu ambayo ningekataa kusaini mkataba bila kuyaona.

La kwanza ni ipi inashinda, modeli au mchoro. Kwa mradi wa kwanza, semeni mchoro uliosainiwa ndio unaoshinda, na kila mchoro ukatwe kutoka kwenye modeli. Baadaye mkizoea mnaweza kugeuza.

La pili ni malipo. Wekeni kipengele cha BIM kwenye jedwali la kazi na bei, chenye bei yake. Ukimwambia mkandarasi "imo kwenye gharama za jumla", atakupa kazi ya jumla. Halafu mfunge kwenye cheti cha malipo: katika masharti mahususi andikeni kwamba modeli ya kilichojengwa na jedwali la vitu vilivyokamilika mwezi huo ni sehemu ya nyaraka za kuombea cheti. Hakuna barua ya kukumbusha yenye nguvu kama hiyo.

La tatu ni nani mwenye faili. Modeli ni mali ya mwajiri, ikiwa na faili asili na nywila zake zote. Mhandisi mshauri akiondoka aondoke na sifa, faili zibaki.

Hatua ya 6: Pima kilichopo, pamoja na kisichoonekana

Ndege nyuki zimerahisisha upimaji, lakini zinahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Anza mchakato huo mapema, hasa ukiwa karibu na viwanja vya ndege. Rusheni kati ya Agosti na Oktoba, majani yakiwa yamekauka. Na jihadharini na mikorosho. Mkorosho haupukutishi majani yote, matawi yake yanashuka mpaka chini, na picha za angani zitakuonyesha mgongo wa miti ukadhani ndiyo ardhi. Nimeona tuta la barabara likikadiriwa fupi kuliko lilivyotakiwa kwa sababu "ardhi" ya kwenye modeli ilikuwa vilele vya mikorosho. Chini ya miti tuma mpima na totali stesheni, kifaa cha kupimia pembe na umbali, au tumia kifaa cha miale ya leza kama bajeti inaruhusu, na hata hicho kihakikiwe kwa vipimo vya mkono.

Vilivyo ardhini ndivyo vinavyochelewesha kazi. Bomba la maji, nyaya za mawasiliano, nguzo za TANESCO, na juu ya yote bomba la gesi linalotoka Madimba kwenda Dar es Salaam, lenye kipenyo cha inchi 36, ambalo hakuna anayetaka kulikuta kwa jino la ekskaveta. Omba taarifa kwa wenye mali hizo kwa barua, ziingize kwenye modeli, na kila mstari upe daraja la kuaminika: umechimbuliwa na kuonekana, umepimwa kwa kifaa, au umeambiwa tu. Ule wa kuambiwa uchorwe kwa rangi yake ya peke yake, ili msanifu asije akaulalia.

Ingiza pia mipaka ya hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kufikia mita 30 kila upande kutoka katikati, kutoka mita 22.5 za awali. Ukiwa na mistari yote miwili juu ya picha ya angani, unaona kabla ya kuanza ni nyumba zipi, makaburi yapi na mikorosho mingapi iko kati ya mstari wa zamani na mpya. Mara kadhaa kusogeza mstari wa barabara mita nne kwenye skrini kumeokoa fidia na ugomvi wa miaka. Kuhesabu mikorosho, hata hivyo, nenda na mtendaji wa kijiji na wenye mashamba. Picha ya angani haijui mti wa nani.

Hatua ya 7: Chora, gonganisha, kaeni

Programu sasa. Makampuni mengi yana zile za kulipia za kusanifu barabara na majengo, na kama mhandisi wako anazijua, mwache azitumie. Kwa ofisi ya mwajiri, kazi yako kubwa ni kufungua, kukagua, kupima na kuuliza, na hiyo inafanyika kwa programu za bure: QGIS kwa ramani, FreeCAD au Bonsai kwa kufungua na kukagua IFC. Laptopu moja yenye kumbukumbu ya gigabaiti 32 na kadi ya picha inayoeleweka ndiyo nisingebania. Kijana mmoja wa ofisi apewe jukumu kwa barua, siyo "atasaidia saidia".

Kila Jumanne, kwa mfano, modeli zilizoshirikishwa ziunganishwe: barabara, mifereji, umeme, maji, jengo. Programu itakutolea orodha ya migongano mamia, yaani mahali vitu viwili vinapokalia nafasi moja. Usiogope, mingi ni takataka, kama bomba lililogusa sakafu linapopita kihalali. Panga kwa uzito: kinachobadilisha ardhi au fidia kwanza, kinachobadilisha msingi pili, kingine chote kisubiri. Kila mgongano upewe mtu na tarehe.

Kwa stendi, migongano ya maana mara nyingi siyo ya mabomba. Ni ya watu. Chukua basi la mita 12, liingize kwenye modeli, ligeuze kwenye kila kona. Kisha weka bajaji zinaposubiri abiria, bodaboda, mikokoteni ya mizigo, mama lishe na majiko yao. Ukisanifu kana kwamba mama lishe hayupo, atakuwepo vilevile, ila juu ya mfereji wako, na mfereji utaziba. Mpe mahali, mpe bomba la maji na shimo la mafuta, uviweke kwenye modeli kama kitu rasmi. Njia ya kiti cha magurudumu ifuatiliwe kutoka lango mpaka mlango wa basi na mpaka chooni. Ngazi moja iliyosahauliwa inaonekana papo hapo.

Halafu ifunge modeli na ratiba. Huku mvua zetu ni za msimu mmoja mrefu, takriban kutoka Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, na malori ya korosho huanza kushuka kwenye maghala na bandarini kuanzia Oktoba. Ukicheza ratiba kwenye skrini wiki kwa wiki, utaona kama makalavati ya bondeni yamepangwa Januari, jambo ambalo kwenye jedwali la karatasi la mistari mia mbili linapita bila mtu kulisemea. Utaona pia njia ya mchepuko inakatwa wiki ile ile malori yanapoanza.

Hatua ya 8: Kiasi cha kazi

Modeli inatoa ujazo wa kifusi, zege na lami kwa kubonyeza kitufe. Mkadiriaji majenzi asiamini kitufe. Achague kilomita moja, aihesabu kwa mkono, alinganishe. Kama inapishana, sababu huwa ni mbili tatu zile zile: kitu kimechorwa mara mbili, tabaka limekatwa pasipostahili, au kifusi kimehesabiwa kabla ya kushindiliwa. Mkishaaminiana na modeli kwa kilomita hiyo, zilizobaki ni mteremko.

Hatua ya 9: Saiti

Modeli ya usanifu siyo modeli ya kilichojengwa, na kati ya hizo mbili ndipo ukweli unapopotea. Msingi ulisanifiwa kushuka mita moja na nusu, kukakutwa udongo mweusi, ukashushwa mita mbili na nusu, maagizo yakatolewa kwa mdomo chini ya mwembe. Kama hilo halikuingia kwenye modeli wiki ile ile, halitaingia kamwe.

Mpe msimamizi wa saiti kishikwambi kimoja chenye modeli ya kipande chake tu na fomu ya maswali yale ya Hatua ya 1. Sheria iwe moja: hakuna kufukia kabla ya picha. Picha iwe na ubao ulioandikwa namba ya kitu na tarehe, na ipande kwenye folda ya kitu hicho, siyo kwenye simu ya mtu. Mpima apite kila Ijumaa kuchukua usawa wa vilivyokamilika. Fundi wa zamani atanung'unika kwamba anapigishwa picha kama harusi. Mwonyeshe siku ya madai ya malipo ya ziada, picha hizo hizo zitakapomtetea yeye.

Hatua ya 10: Kukabidhi, na kujaribu kabla ya kupokea

Huku Kusini tumewahi kuwa na reli, iliyotoka Mtwara kwenda Nachingwea, ya mradi wa karanga wa wakoloni. Ilifungwa 1962 na vyuma vikang'olewa. Leo uulize makalavati yake yalikuwa wapi, utatumwa kwa wazee. Ndiyo maana siku ya makabidhiano usipokee diski na kusaini.

Ijaribu. Chukua mhandisi wa matengenezo ambaye hakuwemo kwenye mradi, mpe simu yake mwenyewe, mpeleke kwenye kalavati lolote, mwambie atafute majibu saba yale. Akiyapata ndani ya dakika tano, pokea. Asipoyapata, hata kama modeli inang'aa, rudisha. Fanya hivyo kwa vitu kumi ulivyochagua wewe, siyo alivyokuchagulia mkandarasi. Jedwali la vitu vyote litolewe pia kama lahajedwali ya kawaida, kwa sababu miaka ishirini ijayo programu ya leo huenda haipo lakini lahajedwali litafunguka.

Baada ya hapo kila ukarabati uandikwe kwenye kitu chake: nani alizibua, lini, alikuta nini, maji yalifika wapi kwenye ukuta wakati wa mvua kubwa. Alama ya maji ya Machi, ikipigwa picha na kupimwa, ni usanifu wa bure wa kalavati linalofuata.

Na namba ya kitu iwe na mahali pa kuonekana kwa macho, ili mtu wa saiti na modeli wazungumze. Usitumie kibati, vyuma chakavu vina soko na kitang'olewa kabla ya Idi. Rangi nayo hubanduka, hasa karibu na bahari kwenye chumvi. Mwambie fundi aichonge kwenye kichwa cha kalavati zege likiwa bichi, herufi za sentimita kumi, upande wa maji yanapotokea, ambako matope hayafiki haraka.